Tuliopitiwa na SGR ya Mwanza–Isaka, tupeane uzoefu

Mnzengo wa Misungwi

Wanzengo, salaam. Tangu Rais Samia aweke jiwe la msingi pale Fela, Juni 2021, tumesikia mengi kuhusu kilomita 341 za kipande hiki (249 ndiyo njia kuu, zilizobaki ni za kupishania) na mizigo ya Uganda itakayotoka Dar kwa treni na kupakiwa melini hapa ziwani. Mimi naitaka reli hii. Nimebeba magunia bandarini Mwanza Kusini, najua mzigo unavyolala ukisubiri behewa. Reli tunayoitegemea ilifika mjini kwetu mwaka 1928.

Ila sisi tulio njiani mwake hatusikiki. Tueleze yaliyotukuta wenyewe, si ya kusimuliwa, na tusitaje mtu wala ofisi.

Kwetu imekata majaruba ya mpunga. Wathamini walipokuja, fomu iliandikwa miembe kwa jumla, mikubwa na midogo bei moja, na matuta ya majaruba hayakuandikwa kabisa. Mama akakataa kuweka dole gumba. Hakugombana na mtu, alikaa tu chini ya mwembe mmojawapo akasema hesabuni upya, mwenyekiti wa kitongoji akiwepo. Wakahesabu upya. Kila mti aliushika kwa mkono na kutaja mwaka ulioanza kuzaa. Kilichoandikwa mara ya pili hakikufanana na cha kwanza hata kidogo.

Mama Lishe Usagara

Hongera kwa mama yako. Mimi nilikuwa na kibanda cha chakula, wateja wangu madereva wa malori na vibarua. Niliambiwa kanuni za fidia zinatambua hasara ya biashara: faida ya mwezi unazidisha mara 36. Nikafurahi. Kumbe faida yenyewe lazima ionekane kwenye hesabu zilizokaguliwa. Ni mama lishe gani ana mkaguzi wa hesabu? Daftari langu la madeni ya wali na maharage halikuhesabika. Nililipwa mabati na nguzo. Wateja niliowakusanya kwa miaka hawakuwa na safu kwenye fomu. Hili linaniuma mpaka leo, na nadhani kanuni hiyo inapaswa kubadilishwa, kwa sababu wafanyabiashara wengi wa kandokando ya njia ni watu kama mimi.

Karani Mstaafu

Dada, pole sana. Kwa ambao bado hawajalipwa: fidia si bei ya ardhi na mazao peke yake. Kuna posho ya usumbufu, usafiri wa mzigo wa tani 12 hadi kilomita 20, na kwa aliyebomolewa nyumba, pango la miezi 36. Malipo yakichelewa kupita miezi sita tangu uthamini uidhinishwe, riba inaanza kuhesabiwa. Ombeni nakala ya fomu siku hiyohiyo. Ukiambiwa utaletewa, piga picha kwa simu kabla haijaondoka.

Mjukuu wa Malya

Mimi nitasema la makaburi. Kuhamisha kaburi kuna sheria yake ya mwaka 1969 na gharama hulipwa, hapo sina ugomvi. Babu na bibi tuliwahamisha kwa heshima, wazee walikuwepo, sanda mpya, tukala pamoja.

Kazi ilikuwa kwa shangazi. Vichanga vyake viwili vilizikwa nyuma ya nyumba, kwenye migomba, bila msalaba wala saruji. Orodha ilikuja na makaburi yanayoonekana tu. Alimfuata afisa akamwonyesha: huyu hapa, na huyu hapa, hatua chache kutoka kwenye shina lile. Afisa alikuwa kijana mpole, lakini karatasi ilishafungwa. Tukachimba wenyewe alfajiri, wanaume wa ukoo, kabla greda halijafika. Tulipata kidogo tu, tukakifunga kwenye kanga yake. Jamani, kabla wathamini hawajafika kwenu, wekeni jiwe au mti juu ya kila kaburi, hata la mtoto wa siku moja, na mzee wa ukoo aandike majina yao.

Ng'wana Mbuga

Pole kwa shangazi, mkuu.

Huku kwetu fidia ililipwa vizuri, wala sina lalamiko nayo. Shida ni tuta. Lambo liko upande wa pili, na tuta limepanda kuliko paa la nyumba yangu. Kuna kalavati, kweli, lakini limejengwa kupitisha maji. Kiangazi ng'ombe wanapita wakiwa wameinamisha pembe. Masika maji yanajaa humo, tunawaswaga mzunguko mrefu hadi kwenye kivuko, na mashamba ya watu yako njiani, kwa hiyo kila wiki tunasuluhisha ugomvi wa mihogo iliyoliwa. Wakati wa mikutano tuliulizwa kuhusu nyumba na mashamba. Njia ya mifugo haina mwenye hati, basi hakuna aliyeitaja.

Mnzengo wa Misungwi

Ng'wana Mbuga, mmeshaandika barua?

Ng'wana Mbuga

Tumeandika kupitia serikali ya kijiji, na muhtasari wa mkutano mkuu umeambatanishwa. Wahandisi walikuja kupima urefu wa kalavati. Tunaomba lingine pana zaidi, mita chache tu kutoka hapo, na vijana wameshachomeka vijiti pale ng'ombe walipozoea kupita.