Nyuzi gani zinafaa kwa galatoni? Sauti imefifia

mpigaji_Tanga
Wakuu habari za leo, naombeni ushauri. Nina galatoni (gitaa kavu, lisilo la umeme), bodi kubwa, napiga kwa vidole sanasana kwaya na zilipendwa kidogo. Nimebadilisha nyuzi juzi tu lakini sauti nyembamba, haina besi, haijazi hata chumba. Dukani nilipewa seti ya 9 (unene wa uzi wa kwanza, elfu 9 za inchi) nikaambiwa laini kwa vidole. Nataka sauti nzito yenye joto, ninunue zipi?

Kidole Gumba
Mkuu kabla ya yote angalia uzi wa tatu, umezungushiwa waya au ni mtupu kama wa kwanza na wa pili?

mpigaji_Tanga
Mtupu kaka.

Kidole Gumba
Basi hapo umeuziwa nyuzi za gitaa la umeme. Zile zimezungushiwa nikeli ili pikapu, ile sumaku inayonasa mtikisiko wa nyuzi, izisome, kwenye galatoni hazina kazi hiyo halafu 9 ni nyembamba mno haiwezi kuutikisa ule ubao wa juu na sauti yote inatoka pale. Tafuta seti imeandikwa acoustic, uzi wa tatu uwe umezungushiwa. Kwa unachotaka chukua fosfa bronzi (waya wa shaba iliyochanganywa na bati na fosfa kidogo), kampuni ya D'Addario ndio walizileta 1974 na mpaka leo kwa vidole sioni za kuzishinda, besi inakuwa ya mviringo na nyuzi za juu hazichomi masikio. Saizi 12 mpaka 53, yaani kutoka uzi mwembamba hadi mnene, vidole vikiuma sana shuka 11.

Bi Rizimu
Naongezea, kuna 80/20 pia, shaba 80 zinki 20, hizo zinang'aa zaidi, mtu wa kuchapa rizimu kwa piki (kile kipande cha plastiki cha kuchapia) atazipenda ila kwa pwani hazikawii kufifia, chumvi na jasho vinazila haraka. Mimi niko Mombasa natumia zile zilizopakwa utando kama Elixir, bei iko juu lakini zinakaa miezi. Hata hizo za kawaida zifute kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga, na chini yake pia maana uchafu unakaa huko.

fundi_mbao
Samahani naingilia, hakikisha kwanza hilo gitaa sio la nailoni. Kama kwenye daraja, kile kibao cha chini zinaposhikwa nyuzi, zinafungwa fundo badala ya kushikwa na pini, usiweke chuma kabisa, seti ya 12 inavuta karibu kilo 70 na daraja litang'oka. Na kutoka 9 kwenda 12 shingo itapinda kidogo mbele, nyuzi zikiinuka sana mpe fundi akaze kile chuma cha ndani ya shingo. Angalia na vijifereji vinavyopitisha nyuzi kule juu kwenye kichwa, kama vilichongwa kwa nyuzi nyembamba hizo nene zitakwama na tyuni haitatulia.

mpigaji_Tanga
Lina pini sita. Naagiza fosfa bronzi 12 Dar, zikifika narekodi hapa msikie.

Bi Rizimu
Rekodi siku ya pili au ya tatu mdogo wangu, siku ya kwanza zinakuwa kali bado hazijatulia.