Bampa la chuma kwenye Hilux Vigo: la kuchomelea hapa Tanga, la Australia au la aluminiamu?

Mpanda_Amani
Habari za jioni wakuu. Nina Vigo ya dizeli, lita 3.0, milango minne. Kazi yake ni kupanda Amani bila mzigo na kushuka Muheza na hiliki, mdalasini na pilipili manga, mara mojamoja naelekea Pangani. Masika yakianza ule udongo mwekundu haupandiki, kwa hiyo nataka nitoe bampa la plastiki nifunge la chuma lenye nafasi ya winchi, ile mashine ya kujivuta ukikwama. Nichomelewe hapa Ngamiani, niagize la Australia, au nitafute la aluminiamu? Pesa ninayo kidogo, ila sitaki kununua kitu mara mbili.

Chuma_Sahare
Kaka, chukua la Australia. Lililotengenezwa kwa ajili ya Vigo linashika matundu yaleyale ya chesisi (fremu ya chini ya gari), hakuna kutoboa wala kuchomelea. Kikubwa zaidi ni yale mabano ya nyuma yake: yamepimwa yakunjike gari likigonga, ili eabegi zifunguke kwa wakati wake. Bei inauma, na uzito upo, kilo 60 mpaka 80 kabla ya winchi. Lakini unafunga na unasahau.

Fundi_Barabara12
Kufunga na kusahau hapana, mkuu. Tupige hesabu. Vigo ina mita 3.085 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Chukua bampa na winchi vifike kilo 100, vikining'inia sentimita 85 hivi mbele ya ekseli. Matairi ya mbele hayaongezewi kilo 100, yanaongezewa kama 128, na yale 28 ya ziada yametolewa kwenye matairi ya nyuma. Sasa huyu ndugu anapanda Amani bodi tupu! Nyuma kunateleza zaidi, mbele kumelala, usukani unakuwa mzito, na shokapu na boli jointi zinakwisha kabla ya muda wake. Ukiweka bampa zito, bajeti ya springi za mbele na shokapu zake iwe ndani ya bei ya bampa, sio baadaye.

Dada_Chumbageni
Namuunga mkono fundi. Nami niongeze kuhusu haya ya kuchomelea. Mafundi wetu wanajua chuma, hilo silipingi, na bei yao ndiyo wengi tunaiweza. Shida ni mazoea ya kuchukua paipu nene na kuichomelea moja kwa moja kwenye chesisi. Ukigonga, hakuna kinachokunjika, nguvu yote inaenda kwenye chesisi na kwa waliokaa ndani. Na zile paipu zinazotokeza mbele, mpanda bodaboda akigongwa nazo hata kwa mwendo mdogo anaumia vibaya. Asubuhi wanafunzi wamejaa barabarani. Kama ni lazima liwe la hapa, libane na bolti, liwe na kona za mviringo, na lisizibe taa wala namba ya gari.

Mpanda_Amani
Asante dada, hapo kwenye bolti nimeelewa. Na aluminiamu je? Nasikia ni nusu ya uzito.

Mvuvi_Pangani
Ni kweli, hukaribia nusu, na haili kutu nyekundu kama chuma. Ila sisi wa pwani tuiangalie kwa jicho lingine. Aluminiamu ikigusana na bolti za chuma, kwenye hewa hii ya chumvi, inaanza kuota unga mweupe pale kwenye tundu na kuliwa polepole. Weka washa za plastiki katikati, paka grisi, na osha kwa maji yasiyo na chumvi kila ukitoka ufukweni. Na ikipinda, kuichomelea kunataka fundi na mashine yake maalumu, sio kila gereji. Kwa upande wa chuma, ukikuta rangi imechubuka usingoje, piga msasa upake redi oksaidi, ile rangi ya kuzuia kutu, siku hiyohiyo.

Chuma_Sahare
Kuhusu winchi, chukua yenye kamba ya sintetiki ya winchi (aina ya Dyneema, sio nailoni) badala ya waya. Kilo kama 10 zinaondoka, na ikikatika hairuki kwa nguvu kama waya. Tena isikae juu mbele ya grili. Kupoza hewa ya tabo kwenye Vigo ya 3.0 kunatumia lile tundu la boneti, huko hakuna shida, lakini rejeta na kondensa ya AC zinataka upepo, hasa unapopanda taratibu kwa gia ndogo.

Mpanda_Amani
Nikiacha winchi kabisa?

Fundi_Barabara12
Ndiyo ningekushauri, kaka. Kwa kazi yako matairi ya matope, kulabu za kuvutia zilizobanwa kwenye chesisi na kamba nzuri vitakusaidia mara nyingi zaidi ya winchi. Halafu aluminiamu, au hata plastiki yako ibaki na uongeze bati nene la kukinga sampu (bakuli la oili chini ya injini). Ukiamua la chuma, kabla hujafunga pima kutoka katikati ya rimu ya mbele hadi ukingo wa madigadi, kushoto na kulia, uandike. Funga, pima tena. Ndipo ununue springi za kubeba kiasi kilichoongezeka, usipandishe gari zaidi ya sentimita 5 maana sivi jointi, zile za kuzungusha matairi ya mbele, zitakaa vibaya. Kisha alaimenti, na taa zirekebishwe ukutani usiku kabla hujaingia barabara ya Segera.