Nahama nyumba Nairobi: dipoziti nitaipataje yote?

Mpangaji_Roysambu: Habari wadau. Natoka kwenye nyumba ya chumba kimoja cha kulala, kodi 18,000. Nilipoingia nililipa dipoziti ya 18,000 na 2,500 ya maji. Keateka (msimamizi wa jengo) anasema kila anayehama hukatwa 7,000 za rangi, nyumba iwe safi isiwe safi. Ni haki? Na nikiacha kulipa mwezi wa mwisho ili dipoziti iwe ndiyo kodi, kuna ubaya gani?

FundiKuta: Soma mkataba kwanza. Mkataba ukisema utarudisha nyumba ikiwa imepakwa rangi, gharama ni yako, lakini omba kwa maandishi upake mwenyewe. Mkataba ukisema "isipokuwa uchakavu wa kawaida", rangi iliyofifia kwa jua na miaka haikuhusu. Mkataba usipotaja rangi kabisa, mwenye nyumba ndiye wa kuonyesha umeharibu nini na ukarabati umegharimu kiasi gani. Bei moja kwa kila mpangaji haionyeshi lolote.

Ukiamua kupaka, ng'oa misumari, ziba matundu kwa fila, iache ikauke kabisa, piga msasa laini, kisha paka ukuta mzima kutoka kona hadi kona. Wengi hugusagusa penye madoa tu, na hapo ndipo wanapoumia: hata rangi ya mkebe uleule haitalingana na iliyokwisha kufifia ukutani, kwa hiyo kila kiraka kinaonekana kutoka mlangoni. Ukuta wa jikoni uoshe kwanza kwa sabuni ya vyombo, la sivyo rangi itabambuka juu ya mafuta. Ukungu unaotokana na paa au bomba linalovuja usiufunike. Upige picha, huo ni wa mwenye nyumba.

Mama_Ploti: Kuhusu mwezi wa mwisho, usifanye hivyo bila mwenye nyumba kukubali kwa maandishi. Dipoziti si kodi. Usipolipa una deni, na Sura ya 293 ya sheria za Kenya inamruhusu mwenye nyumba kutuma dalali wa mnada kushika vyombo vyako kwa kodi iliyochelewa. Utakuwa umempa nguvu wewe mwenyewe.

Notisi ya kuhama nayo huwaponza watu. Kama kodi huanza tarehe 1, ifike kabla ya tarehe 1. Ukiipeleka tarehe 4, wenye nyumba wengi watahesabu mpaka mwisho wa mwezi unaofuata, na dipoziti yote itaishia hapo. Mpelekee mwenye nyumba au ajenti aliyetajwa kwenye mkataba, kwa barua pepe au WhatsApp. Kumwambia keateka kwa mdomo hakutoshi.

Kabidhi nyumba mchana, vyombo vikiwa vimeshatoka. Zungukeni pamoja: washa kila taa, fungua kila mfereji, vuta choo, chungulia chini ya sinki. Andikeni kwenye karatasi moja namba zilizo kwenye mita ya maji, idadi ya funguo (hata zile ulizochonga) na kasoro zote, kisha nyote mtie sahihi. Piga video moja isiyokatwa. Balbu iliyoungua au mpira wa mfereji unaodondosha maji badilisha mwenyewe, ni pesa kidogo sana ukilinganisha na watakachokuandikia.

Juma_K: Wakikataa, nenda kwa baraza la wapangaji.

HakiYaMpangaji: Hapana, Juma. Baraza hilo la nyumba za kuishi husikiliza kesi za nyumba ambazo kodi haizidi 2,500 kwa mwezi, na yake ni 18,000. Aende Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Inapokea madai ya hadi shilingi 1,000,000, wakili si lazima, na sheria inataka hukumu itoke ndani ya siku 60 tangu kesi kufunguliwa.

Kabla ya hapo andika barua ya madai: kiasi, tarehe uliyokabidhi funguo, na siku 14 za kulipa. Ambatisha mkataba, notisi, ile karatasi ya makabidhiano na taarifa ya M-Pesa inayoonyesha malipo ya dipoziti. Utakayemshtaki ni mwenye nyumba aliyetajwa kwenye mkataba. Kama pesa ziliingia kwa ajenti, waweke wote wawili, maana watatupiana mpira. Keateka mwache, hakupokea pesa zako.

Mpangaji_Roysambu: Asanteni sana. Na wakinitumia nusu tu?

HakiYaMpangaji: Pokea, kisha siku hiyohiyo jibu kwa maandishi kwamba ni sehemu ya malipo na utaje baki. Omba risiti ya kila kilichokatwa. Wakikuletea karatasi ya "sina madai zaidi", usiitie sahihi kabla baki halijaingia.