Abayudaya wa Mbale, Uganda: Uyahudi ni wa kuzaliwa, au hata ukiamua mwenyewe unaupata?

Kijana wa Malaba
Wakuu, juzi nilikuwa Mbale nikapandishwa kilima cha Nabugoye. Kuna sinagogi, wazee wana vile vikofia vya utosini, Ijumaa jioni zaburi zinaimbwa kwa mahadhi ya Kiluganda. Ndio Abayudaya. Chanzo chao ni Semei Kakungulu, yule jemadari Muganda aliyewafungulia Waingereza mashariki. Akasoma Agano la Kale, mwaka 1919 akatahiriwa yeye na wanawe, akatangaza kwamba sisi ni Wayahudi. Mwaka 2002 marabi walikuja wakawaingiza rasmi mamia yao. Lakini 2018 kijana wao mmoja aliomba kuhamia Israeli kwa Sheria ya Kurejea, ile inayowapa Wayahudi haki ya kuhamia huko, Wizara ya Mambo ya Ndani kule ikamkatalia. Ni haki hiyo?

Wakili wa Kijiji
Ni haki kabisa. Uyahudi unafuata mama. Mama akiwa Myahudi, mtoto ni Myahudi hata akila nguruwe mpaka zizi liishe. Mimi nikihamia Msambweni nikala samaki wa nazi kila siku, nitakuwa Mdigo?

Mdigo Halisi
Wadigo tumekukosea nini asubuhi yote hii? Na mfano umejichagulia vibaya: kwetu zamani urithi ulitoka kwa mjomba, ukoo ni wa mama. Wayahudi hawakutuzidi kitu hapo.

Mama Neema
Wakili, soma kitabu cha Ruthu. Mmoabi yule, mgeni kabisa, alimwambia mkwewe kwamba Mungu wako ndiye wangu. Daudi ni kitukuu chake. Sasa mfalme Daudi naye mtamnyima pasipoti?

Wakili wa Kijiji
Mama, sikusema mlango umefungwa. Upo, una taratibu: jopo la watu watatu wakuhoji, uzamishwe kwenye mikve, yaani bwawa la kujitakasa, mwanaume atahiriwe, na aliyekwisha tahiriwa atolewe tone la damu. Ugomvi ni marabi gani wamekupitisha. Wale wa 2002 walikuwa wa mrengo wa Masorti, Wayahudi wa msimamo wa kati, na Baraza Kuu la Marabi la Israeli liko mikononi mwa Waothodoksi, Wayahudi washika sheria sana, hawawatambui. Hata ndoa za Wayahudi kule wanafungisha wao.

Ng'ombe Hakosi Nundu
Tuacheni kuzunguka mbuyu. Wangekuwa weupe wangekuwa Haifa zamani.

Wakili wa Kijiji
Na Wayahudi wa Uhabeshi je? Mwezi Mei 1991 ndege zilisomba zaidi ya watu 14,000 kutoka Addis Ababa hadi Israeli ndani ya siku moja na nusu. Walikuwa weupe wale?

Ng'ombe Hakosi Nundu
Malizia hadithi basi. Wenzao waliotangulia miaka ya themanini waliambiwa wazamishwe majini upya kwa tahadhari, wakati rabi mkuu Ovadia Yosef alishasema tangu 1973 kwamba ni Wayahudi. Wakaandamana. Mrusi mwenye babu mmoja tu Myahudi aliulizwa hayo?

Mlinzi wa Lindo
Mnasahau jambo moja. Amin alipiga marufuku dini yao, wakawa wanasali mafichoni, wengi wakahamia ukristo na uislamu, wakabaki mia chache. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979, na jioni ile ndiyo Pasaka ya Kiyahudi inaingia. Nani aliiangusha? JWTZ! Farao wao tulimtoa sisi. Asante hatujapata.

Kijana wa Malaba
Waganda waliopigana bega kwa bega nanyi wao walikuwa watazamaji? Watanzania bwana.

Mpishi Mstaafu
Mimi sina elimu ya dini ila niliwapikia Wayahudi Nairobi miaka ya themanini. Jikoni sinki mbili, sufuria seti mbili, za nyama na za maziwa, hata taulo za kufutia rangi mbalimbali. Ukimla kuku, chai ya maziwa usahau mpaka saa nyingi zipite. Mayai hupasulii kikaangoni: moja moja ndani ya glasi, uliinue kwenye mwanga, likiwa na tone la damu unamwaga. Ijumaa mama anawasha mishumaa kabla jua halijazama, baada ya hapo hawagusi swichi. Na haifai akuamuru uwashe. Anapita mlangoni anasema, "Humu giza limezidi leo." Wiki za kwanza nilikuwa namjibu, "Kweli mama," naendelea na kazi zangu.

Ng'ombe Hakosi Nundu
Nimecheka mpaka dereva wa daladala kageuka.

Mama Neema
Mpishi ubarikiwe. Sisi Wasabato pia tunaipokea Ijumaa jua likizama, maana ndiyo siku ya saba yenyewe.

Mzee Kobe
Mama Neema, ya saba kwa hesabu ya nani? Jumamosi ni juma na mosi. Mosi ni moja! Lugha yenyewe inawakana.

Mama Neema
Mzee, amri ilitolewa Sinai, haikutolewa kwenye kamusi yako.

Bin Sudi wa Tanga
Mzee Kobe, taratibu. Waswahili walihesabu kuanzia Ijumaa inapokwisha, basi. Hebu niambie: Jumatano ni ya tano, na Alhamisi nayo kwa Kiarabu ni ya tano. Wiki gani ina tano mbili zinazofuatana? Alhamisi imekuja na hesabu yake ya kuanzia Jumapili, na Wayahudi nao siku hiyohiyo wanaiita ya tano, hamishi. Mnasikia lilivyo jirani na hamsa? Kwa hesabu hiyo Jumamosi ni ya saba. Halafu hili la siku kuingia magharibi mnaliona geni? Bibi yangu akisema usiku wa Ijumaa ana maana Alhamisi jua likizama. Vijana wa saa sita usiku ndio waliokuja na mambo mapya.

Mzee Kobe
Kwa hiyo mpangaji aliyeniahidi kodi "usiku wa Jumamosi" alikuwa na maana ya Ijumaa? Nimemdai siku siyo?

Bin Sudi wa Tanga
Kama ni mtu wa Pwani, umechelewa kudai.

Kijana wa Malaba
Jamani, niliuliza habari za watu wa Mbale.

Wakili wa Kijiji
Nimekujibu. Kwa Baraza la Marabi, wanachokosa ni muhuri wa Waothodoksi. Wenzao wa kijiji cha Putti wamekwisha kuliona hilo, wameshika njia ya Kiothodoksi.

Mama Neema
Ruthu alipigiwa muhuri na nani?

Mdigo Halisi
Wakili, mimi bado nasubiri uniombe radhi.