Nipeni jina la kuchekesha la mmea wangu wa ndani

Shina_Moja:
Wakuu habari zenu, swali langu jepesi ila linaninyima raha. Nina mmea wa ndani, ule wenye majani mapana ya kung'aa na ua jeupe lililosimama kama kijiko, nataka niupe jina ambalo mgeni akilisikia tu acheke bila kuelezwa. Sasa nikikaa kuwaza naambulia Kijani, Bi Ua, Majani, yaani aibu tupu. Tabia yake kubwa ni deko, maji yakichelewa kidogo unalala wote chini utadhani msiba umeingia, ukimwagilia masaa machache mbele unaukuta wima hauna habari na mtu. Nyie yenu mnaiitaje na mlifikaje hapo?

Mzee wa Kopo:
Hahahaaa hiyo ni spathifilamu mkuu, naijua hiyo drama. Mwite Marehemu Mtarajiwa, kazi imeisha.

bibie_majani:
Mie naenda kinyumenyume, jina liwe kinyume kabisa na tabia. Kaktasi wangu anaitwa Mahaba, hashikiki huyo. Zamia ambaye anakua kwa kujivuta sana nilimpa jina la Fasta, na kila akitoa kachipukizi tunamwambia "Fasta punguza mwendo". Kwa huyo wako anayezimia zimia ningesema Komando au Chuma. Halafu kaka fanya jaribio moja kabla hujaamua, jina hilo ulitamke kwa sauti ukiwa umekasirika, "Komando inuka!", kama hujacheka mwenyewe basi tupa tafuta lingine. Na lisiwe refu, marefu yote mwisho wa siku yanakatwa.

Fumbua:
Wahenga hii kazi walishaifanya zamani, ule mmea ukiugusa unakunja majani wakauita kifauongo, na dakika chache baadae umeshafumbua kama hakijatokea kitu. Kwahiyo Kifauongo lingekufaa, ila kwa haki yake huyo wako hadanganyi. Vikonyo vyake havina mbao ya kuvishikilia, vinasimamishwa na maji yaliyojaa kwenye seli, maji yakipungua mgandamizo unashuka na kila kitu kinalegea, ukinywesha seli zinajaa tena anainuka.

Sasa angalizo, usimpe jina kama Kiu au Nipe Maji hata kama linachekesha. Hii mimea inalala hivyohivyo pia maji yakizidi na mizizi ikaanza kuoza, na ukishamzoea kwa jina la Kiu kila akiinama wewe mbio na kopo, utamuua kwa upendo. Chomeka kidole kwenye udongo kwanza, ukiwa bado na unyevu muache alale.

Ila kwenye majina ya kukomoana hakuna aliyemfikia Linnaeus, yule Mswidi aliyepanga mimea kwa majina ya kilatini. Kulikuwa na msomi mmoja anaitwa Siegesbeck aliyempinga vikali kwamba kupanga mimea kwa viungo vya uzazi ni uchafu, na leo kuna gugu moja la kunatanata lenye viua vidogo visivyo na mvuto linaitwa Sigesbeckia, jina alilolitoa Linnaeus mwenyewe. Hebu fikiria unagombana na mtu halafu unakuwa gugu milele.

Kucha_za_Paka:
Unafuga paka? Kama unafuga mwite Usinitafune. Sitanii, majani yake yana chembechembe za kalsiamu oksaleti, mnyama akitafuna mdomo unamuwasha anatoa udenda, mtu pia hivyohivyo. Weka juu asipofika.

Mzee wa Kopo:
Fumbua umetoa lekcha jina hujatoa 😂

Fumbua:
Haya basi, Bi Mgomo. Akigoma majadiliano, akipewa anachotaka kazini.

Chausiku_wa_Dirishani:
Mwenzenu nimechukua jina langu la humu kwa mmea wangu kabisa, ni maranta, mchana majani kayatandaza jioni anayasimamisha juu yote ndo anachangamka, sasa ningemwita nani kama sio Chausiku. Na ule wa kuning'inia unaotoa vitoto kwenye vikamba ni Mama Wengi, hata sikuwaza, ukiuangalia tu jina linakuja. Ushauri wangu usiharakishe, kaa nao uuangalie unakuudhi wapi, jina zuri linatoka hapohapo penye kero. La kutafuta kwa nguvu huwa halidumu.

tofali:
Mmea hausikii. Mwite Mmea.

bibie_majani:
Tofali hilo nalo ni jina zuri ujue, "Mmea hajambo?" 😂😂

Shina_Moja:
Asanteni sana nimecheka peke yangu hadi nimeulizwa kuna nini. Usinitafune limenikaa lakini paka sina, Bi Mgomo nalo linamfaa, ila moyo umeangukia kwa Marehemu Mtarajiwa. Shida moja, nimemtambulisha kwa mama, kasema humu ndani hakuna kiumbe kitaitwa marehemu wakati bado kinapumua na kama nataka ugomvi niseme. Nifanyeje?

Mzee wa Kopo:
Mbele ya mama mwite Mtarajiwa. Akiuliza mtarajiwa wa nani, toka nje.