Uingereza: maneno ya kwenye grupu la siri yakupeleke mahakamani?

Mzee wa Tabata
Wakuu naleta hili tulijadili. London mwaka 2023 mapolisi wastaafu sita walihukumiwa kwa meseji za kibaguzi walizotumiana kwenye grupu lao la WhatsApp, washkaji watupu, hakuna aliyetukanwa usoni, mtu wa ndani ya grupu akazipeleka BBC. Vifungo walipewa ila vilisimamishwa, jela hawakwenda. Meseji chafu sana, sizitetei. Lakini maongezi ya faragha yanaingiaje mahakamani? Nchi yenye Speakers' Corner, ile kona pale Hyde Park mtu anasimama anahutubia atakavyo, leo inachungulia simu za watu!

Bint Chuini
Hakuna aliyechungulia mzee wangu, umesema mwenyewe mwenzao ndo kazitoa. Sheria yao ya mawasiliano ya 2003, kifungu cha 127, haiulizi nani kasikia, ukishatuma tu kosa limetimia. House of Lords, wakati huo ndo mahakama yao ya juu kabisa, walishalimaliza hilo 2006, kesi ya jamaa aliyekuwa anapiga ofisi ya mbunge anaacha maneno ya kibaguzi.

Kisiki
Aliyevujisha ni mnoko tu, mnakula mnakunywa pamoja miaka yote halafu anawachoma. Na nyie mlioko huko mnatetea kila cha mzungu kwa vile mnabeba boksi kwake.

Mkazi wa Leicester
Boksi limeingiaje hapa? Mimi nahudumia wazee, usiku kucha nawageuza kitandani wasipate vidonda, kodi nalipa, aibu sina. Na meseji zile zinatuhusu sisi tunaosimamishwa barabarani huku, sio wewe uliyelala Mbagala. Mtu anayeandika vile akiwa kastaafu, alipokuwa doria alikuwa anatusimamisha kwa roho gani?

Kisiki
Umeumia. Boksi ni boksi.

Njoroge wa Ruiru
Wacheni boksi jameni. Hiyo sheria ilibebwa maneno yale yale ikaletwa Kenya, section 29 ya sheria yetu ya mawasiliano, watu wakashikwa juu ya post za Facebook. High Court ikaitupa 2016, ikasema ni pana na mtu hawezi jua akiandika nini atashikwa. Waingereza wenyewe bado wanayo.

Mzee wa Tabata
Asante Njoroge, hapo ndipo pangu! Wakubwa wana Chatham House, taasisi ya London ya kujadili siasa za dunia, tangu 1927 wana kanuni yao, ulichosikia kikaoni utumie ila usitaje nani kasema. Na serikali ilipovujisha majina ya Waafghani walioomba kuhamia Uingereza, ikachukua amri ya mahakama, toka 2023 mpaka Julai 2025 hata kusema kuna amri ilikuwa kosa. Siri yao inalindwa, ya mlevi wa baa inasomwa hadharani.

Bint Chuini
Kanuni ya Chatham House si sheria ya nchi, ukiivunja hawakualiki tena basi. Na inaficha jina, maneno yanatoka. Ya Waafghani nakuunga mkono, pale hata bunge lilifichwa.

Kisiki
Mnazunguka tu. Kwenye grupu letu la michango ya harusi nilisema bwana harusi bahili, mtu akapiga skrinshoti ikafika kwa mama mkwe, mpaka leo hatusalimiani. Mnoko ni mnoko, London au Mbagala.

Mkazi wa Leicester
Kwa hiyo hilo ndo linalokuuma siku zote. Bwana harusi wako hajawahi kupewa pingu na mamlaka ya kumpekua mtoto wa mtu, hao walipewa. Na radhi ya boksi bado naisubiri.