Mtoto mkimya atakijua Kiingereza kweli?

Mama_Mwaloni: Habari zenu wana jukwaa. Nauza dagaa mwaloni Kirumba, hapa Mwanza. Binti yangu yuko kidato cha kwanza, shule ya kata. Msingi kasoma kwa Kiswahili, sasa karibu kila somo ni Kiingereza. Mwalimu kaniita, kasema huyu hafiki mbali, haongei. Kweli haongei. Ila nyumbani ana daftari kalipiga mstari katikati: kushoto neno, kulia sentensi ya kutunga mwenyewe. Jana nikamwambia anitafsirie moja: "Dagaa hawajakauka na wingu limeshatanda Ukerewe." Kaka yake sasa! Akipanda feri ya Kamanga hamwachi mzungu, Kiingereza kinamwagika, na kwenye mtihani kala F. Nimlazimishe binti awe kama kaka yake?

Deiwaka_Buzuruga: Mama, lugha ni mdomo. Mpeleke Capri Point akauze karanga kwa watalii, aibu itakwisha yenyewe.

Ticha_Nyegezi: Deiwaka, hapo umeongea kishabiki. Shikamoo mama. Mwaka 1978 Naiman na wenzake kule Kanada waliwachunguza wanafunzi wa sekondari waliokuwa wakijifunza Kifaransa, wakakuta uchangamfu hauendi sambamba na maksi. Baadaye, 1999, Dewaele na Furnham wakaonyesha wachangamfu wanafaidi zaidi kwenye ufasaha wa kuongea, hasa wakiwa kwenye presha. Ndiyo maana kijana wako anatamba kwenye feri. Lakini mtihani wa kidato cha nne unaandikwa, na kuandika kunataka mtu wa daftari.

Rebecca Oxford mwaka 1990 aligawa mbinu za kujifunza lugha katika makundi sita. Binti yako yuko vizuri kwenye kumbukumbu, na kutunga sentensi zake mwenyewe ni hatua kubwa. Wengi wanakariri tu orodha. Anachokosa ni kujifunza na wenzake, na kutuliza hofu. Hayo hayaji kwa kumsukuma mbele ya darasa la watoto themanini wanaosubiri kucheka (na walimu tunacheka pia, tusidanganyane). Usiku aandae swali moja kwa Kiingereza, alisome kwa sauti, ajirekodi kwenye simu yako. Kesho alitoe hilo hilo darasani, basi. Kaka mtu naye umkalishe aandike yale anayoyaongea kwenye feri, utaona atakavyokwama.

Deiwaka_Buzuruga: Karanga zangu zimekataliwa 😂

Mama_Mwaloni: Marahaba mwalimu, asante. Simu ninayo, ila ya kurekodi ni ya baba yao. Kuna binamu yake Igoma, kidato cha tatu, naye bubu vilevile. Nikiwaweka pamoja si watanyamaza wote?

Ticha_Nyegezi: Usiwaambie wapige stori. Mmoja asome aya moja, mwenzake aulize maswali mawili, wabadilishane. Watoto wakimya ukiwapa cha kufanya wanaongea. Jumamosi inatosha kuanza.